Jinsi ya Kujikinga na Wezi Unaposafiri kwa Gari la Kukodi

Kazi yangu ni kukabidhi magari ya kukodi kwa wateja na kuyapokea yanaporudishwa. Visa vingi vya wizi ninavyosimuliwa havikuhitaji mwizi mwenye ujuzi mkubwa: aliona dalili za ugeni, akaona mzigo, kisha akasubiri dereva ashughulike na jambo jingine. Hatua zifuatazo zinalenga kumnyima nafasi hizo.

Hatua ya 1: Likague gari kabla ya kutia saini. Hakikisha milango na buti vinafungika, vioo vinapanda hadi mwisho, na tairi la akiba lina upepo wa kutosha, pamoja na jeki na spana yake. Wateja wengi huhangaikia mikwaruzo kwa kuhofia dhamana yao, wakalisahau tairi hilo, ilhali ndilo litakaloamua utakaa barabarani usiku kwa muda gani. Kama gari lina stika kubwa ya kampuni, omba jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya watalii kadhaa kuuawa katika jimbo la Florida, Marekani, jimbo hilo liliacha kuyapa magari ya kukodi namba za usajili zinazoyatambulisha, kwa kuwa zilimwonyesha mhalifu nani ni mgeni.

Hatua ya 2: Soma sehemu ya mkataba inayohusu wizi. Kwa kawaida bima hulinda gari lenyewe, wala si mizigo yako iliyomo, na fidia inaweza kukataliwa endapo ufunguo uliachwa ndani. Hifadhi kwenye simu namba ya dharura ya kampuni na ya polisi wa nchi unayokwenda; nchi za Umoja wa Ulaya hutumia 112, Marekani na Kanada 911.

Hatua ya 3: Panga mizigo kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Kosa ninalolisikia mara kwa mara ni la msafiri anayefika kwenye kivutio, anafungua buti mbele ya watu, anaingiza begi lenye kompyuta na pasipoti, kisha anaondoka akiamini ameficha mali, kumbe amemwonyesha ilipo mtu aliyekaa pale akitazama magari yanayoingia. Kila kitu kiwe kwenye buti tangu mwanzo wa safari, na ndani kusibaki hata waya wa kuchajia simu. Futa pia alama ya duara inayoachwa kwenye kioo na kishikio cha simu, kwa sababu huashiria kwamba huenda kifaa kimo ndani. Usiku, toa kila kitu garini.

Hatua ya 4: Funga, kisha vuta kitasa. Wapo wezi wanaotumia vifaa vya kuzuia mawimbi ya rimoti, hivyo unabonyeza ukiwa unatembea na gari linabaki wazi. Simama karibu, sikiliza kufuli zikijifunga, na ujaribu mlango kwa mkono. Kwenye kituo cha mafuta, chukua ufunguo na ufunge milango hata kama unasimama hatua mbili tu kutoka garini.

Hatua ya 5: Itambue pancha ya kupangwa. Tairi hutobolewa ukiwa umeegesha au kwenye foleni, na baada ya mwendo mfupi mtu anakupungia mkono, anakuonyesha gurudumu la nyuma na kujitolea kukusaidia. Unainama naye upande wa kulia. Mwenzake anafungua mlango wa kushoto na kuondoka na mkoba. Mshukuru bila kushuka, washa taa za tahadhari, na uendelee polepole hadi penye watu na mwanga. Rimu inaweza kuharibika na utailipia, lakini kwa maoni yangu hiyo ni hasara unayopaswa kuikubali bila kusita. Fanya vivyo hivyo ukigongwa kidogo kwa nyuma mahali pasipo watu, au ukisimamishwa na mtu anayedai ni polisi bila sare wala gari rasmi, huku ukipiga namba ya dharura kueleza unakoelekea.

Hatua ya 6: Ukitishiwa kwa silaha, toa ufunguo. Usibishane wala usifanye harakati za ghafla. Kama kuna mtoto kiti cha nyuma, sema wazi kwamba unamtoa kwanza. Ukishakuwa salama, piga simu polisi, kisha kampuni, na uombe ripoti ya maandishi, kwani bila hiyo madai ya bima hukwama.

Hatua ya 7: Unaporudisha gari, futa kwenye mfumo wake majina, namba na anwani zilizonakiliwa kutoka simu yako. Mara nyingi napokea magari ambayo bado yanaonyesha nyumbani kwa mteja aliyetangulia.