Simu Haipeleki Chaji: Anza na Waya, Fundi Baadaye

Simu ikigoma kuingiza chaji, wengi hukimbilia jibu la bei kubwa: betri imekufa, au sistimu ya chaji imeungua. Lakini umeme hupita njia ndefu kabla ya kufika kwenye betri. Unatoka kwenye soketi, unaingia kichwa cha chaja, waya, tundu la simu, kibao kilichoshika tundu hilo, ndipo betri. Vitu vya mwanzo wa njia ndivyo vya bei ndogo, na ndivyo vinavyochoka haraka. Kagua kwa kufuata njia hiyohiyo, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha waya na kichwa kwa pamoja na simu ikapona, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utaendelea kukitunza kama kizima.

Waya

Waya hufa shingoni, pale unapokutana na plagi, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila mara mtu anapotumia simu ikiwa kwenye chaji. Kwa nje unaonekana mzima, kumbe nyuzi za shaba ndani zimekatika nusu. Matokeo yake simu inaonyesha inachaji, ila asilimia haipandi. Azima waya ambao umeuona kwa macho yako ukichaji simu nyingine vizuri. Waya mpya wa bei ya chini si kipimo: nyuzi zake huwa nyembamba, na ukiwa mrefu wa mita mbili, sehemu ya umeme hupotelea njiani. Zipo pia nyaya zenye nyuzi mbili tu za umeme, zisizo na zile za kupitishia data. Utazijua ukichomeka simu kwenye kompyuta na kompyuta isiitambue. Waya wa namna hiyo mara nyingi huchaji polepole hata ukiwa mpya.

Kichwa na soketi

Soma maandishi madogo kwenye kichwa, mstari wa Output. V ni volti, A ni ampea; ukizizidisha unapata wati. 5V 1A ni wati 5. 5V 2A ni wati 10. 9V 2A ni wati 18. Namba kubwa peke yake haitoshi. Chaji ya haraka hutokea pale simu na kichwa vinapoelewana, na makampuni mengi yana mtindo wao. Simu ikishindwa kuelewana na kichwa cha kampuni nyingine, hurudi kwenye 5V ya kawaida, na mwenyewe hudhani ina ubovu. Tundu la USB kwenye gari la zamani au kompyuta huweza kutoa ampea 0.5 tu, simu yenye kioo kikubwa ikiwa inaonyesha ramani hapo inaweza kushuka chaji huku imechomekwa.

Wanaotumia sola wajihadhari na kuchomeka simu moja kwa moja kwenye paneli. Wingu likipita umeme unashuka, simu inajitoa na kujirudisha mara nyingi, na kutwa nzima inapanda kidogo tu. Chaji pawabenki kwanza, halafu simu ichukue kwenye pawabenki.

Ishara moja usiivumilie: kioo kuchezacheza au kujigusa chenyewe simu ikiwa kwenye chaji, kisha kutulia ukichomoa. Hicho ni kichwa kisichochuja umeme vizuri. Kiache kabisa.

Pima kwa saa

Betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) hubeba takribani wati-saa 19; wati-saa moja ni wati moja ikitumika saa moja. Kichwa cha wati 10, ukitoa kiasi kinachopotea kama joto, huingiza karibu wati-saa 4 kwa nusu saa. Kwa hiyo zima simu ikiwa na asilimia 20 hivi, ichaji dakika 30, kisha iwashe. Inapaswa kuwa imeongeza asilimia kama 20. Kwa kichwa cha wati 5 tarajia kama 10. Ikiongeza 3 au 4, umeme haufiki. Usifanye kipimo hiki juu ya asilimia 80, maana huko simu nyingi hupunguza mwendo kwa makusudi ili kulinda betri. Ikiongeza vizuri ikiwa imezimwa lakini haipandi ikiwa imewashwa, kuna programu inayokula chaji, na fundi wa kuchomelea hahitajiki.

Simu inayosimama asilimia 80 au 85 kila siku nayo huenda ni nzima. iPhone na Samsung zina mpangilio wa kulinda betri unaofanya hivyo. Tazama kwenye mipangilio ya betri. Simu iliyozimika kabisa na kulala siku nyingi iache kwenye chaji dakika 30 kabla ya kuihukumu, kwani betri iliyoshuka sana huanza kujaa polepole kioo kikiwa giza. Na simu iliyoachwa kwenye dashibodi juani au chini ya mto hupunguza chaji au kuikataa. Itoe kwenye kava, ipoe kivulini, si ndani ya friji: mvuke utageuka maji ndani yake.

Tundu

Hapa ndipo uchafu mwingi unapokaa. Simu inayoshinda mfukoni hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na kila unapochomeka waya unaushindilia uchafu huo ndani hadi unakuwa kama kitambaa kilichoshonwa. Dalili ni waya kutozama hadi mwisho, kuchomoka kwa kuguswa tu, au kutaka ushikwe upande fulani ndipo uchaji.

Zima simu. Mulika kwa tochi. Chonga kijiti cha meno cha mbao kiwe bapa na chembamba. Usitumie sindano, pini wala kipande cha chuma chochote; chuma hupinda vijino vya ndani vinavyopitisha umeme na kinaweza kuunganisha viwili visivyotakiwa kugusana. Kwenye USB-C, tundu la mviringo la simu nyingi za sasa, kuna ulimi mwembamba katikati. Pitisha kijiti juu yake na chini yake, ukikwangua ukuta wa nyuma taratibu na kuvuta kwako, bila kuukandamiza ulimi, kwani ukivunjika ni tundu jipya. Kwenye Lightning ya iPhone za kabla ya mwaka 2023 hakuna ulimi, hivyo uchafu hujipanga wote nyuma. Geuza tundu litazame chini, gonga simu kidogo kiganjani, rudia. Malizia kwa mswaki mkavu laini. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate.

Kwa micro-USB, tundu dogo la simu za zamani, angalia kwanza waya. Vile vindoano viwili kwenye tumbo la plagi ndivyo vinavyoshikilia, na vimewekwa kwenye waya ili uchakavu uwe wa waya badala ya simu. Vikilala, waya utalegea hata tundu likiwa zima.

Ukiona kijani au weusi kwenye vijino, hiyo ni kutu. Jasho, maji ya chumvi na hewa ya pwani huileta, hasa mtu akichaji simu ikiwa na unyevu. Lowesha mswaki kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, sugua, acha ikauke kabisa. Petroli na thina huharibu plastiki na gundi. Simu ikitoa onyo la unyevu, chomoa, tundu litazame chini, iache hewani angalau nusu saa. Wakati mwingine huhitaji siku nzima. Mchele hausaidii, na Apple wenyewe wanaukataza: chembe zake huingia tundu na kuleta tatizo la pili.

Betri iliyovimba

Laza simu kifudifudi mezani bila kava na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au mfuniko umeachana na fremu, betri imevimba. Acha kuichaji leo hii. Usiibonyeze irudi, usiitoboe. Gesi iliyomo na lithiamu vinaweza kuwaka. Huo si ubovu wa kujaribujaribu nyumbani.

Ukifika kwa fundi

Kama waya, kichwa na tundu vimepita mtihani, sasa mwone fundi, na umweleze ulichokwisha kupima. Toa laini na memori kadi kabla ya kumkabidhi simu. Laini yako ndiyo yenye pesa. Muulize: anabadilisha tundu tu au kibao kizima? Simu nyingi za Android za bei ya kati zina kibao kidogo cha chini kinachotolewa kwa skrubu na kuwekwa kingine, kazi ya muda mfupi. Kwenye nyingine tundu limechomelewa kwenye bodi kuu, na hapo panahitaji mkono uliozoea mashine ya hewa ya moto ya kuchomelea.

Kabla ya kulipa, mwombe aweke kipima umeme cha USB kati ya waya na simu. Ikisoma 5V na 0.00A, hakuna kinachoingia. Kwa kichwa cha ampea 2 na simu iliyo chini ya nusu, tarajia zaidi ya ampea 1. Kama simu yako ilikuwa na chaji ya haraka, tumia kichwa chake mwenyewe na uhakikishe volti zinapanda au simu inaandika kuwa inachaji haraka. Vibao vya bei ya chini mara nyingi huipoteza. Kisha rudisha laini, mpigie mtu, na uongee naye dakika nzima: kibao hichohicho cha chini mara nyingi hubeba maiki na waya wa antena, na fundi akisahau kuubana, simu itachaji vizuri lakini mtandao utakuwa wa kubahatisha.