Vitufe vya Sauti Visipoitika: Chunguza Kabla ya Kununua Kibodi

Kitufe cha kuongeza au kupunguza sauti kinapoacha kuitika, wenye kompyuta wengi huku kwetu Mtwara na Lindi huambiwa upesi kwamba kibodi imekufa, na kwa kuwa kibodi ya kompyuta mpakato aghalabu huagizwa Dar es Salaam, mtu hujikuta amelipia kipuri na usafirishaji kwa hitilafu ambayo haikuwa ya kibodi hata kidogo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kibodi iwe ya mwisho kushukiwa.

Anza na sauti yenyewe. Bofya alama ya spika iliyo chini kulia mwa skrini, kisha sogeza kiwango cha sauti kwa kipanya. Sauti ikipanda na kushuka, spika ni nzima na tatizo liko kati ya kitufe na programu. Isipobadilika, kitufe hakina kosa. Huenda sauti imeelekezwa kwenye televisheni au projekta iliyounganishwa kwa waya wa HDMI, jambo la kawaida katika mabanda ya kuonyeshea mpira, na hapo utachagua spika unayoitaka katika alama hiyohiyo.

Hatua inayofuata ni kitufe cha Fn. Katika kompyuta mpakato, alama za sauti huchorwa juu ya vitufe vya F1 hadi F12, na kila kitufe hubeba kazi mbili. Bonyeza Fn pamoja na kitufe cha sauti. Kikiitika, hakuna kilichoharibika, ila mpangilio umegeuzwa, pengine na mtoto aliyekuwa akichezea kompyuta. Katika Lenovo na Dell nyingi, Fn na Esc vikibonyezwa pamoja huurudisha. Katika HP nyingi, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza F10 mara tu kompyuta inapowaka, kisha utafute Action Keys Mode na kuubadilisha mpangilio wake.

Fn isiposaidia, geukia programu. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, kisha utafute Human Interface Device Service, ambayo ndiyo inayoshughulikia vitufe maalumu vya kibodi; ikiwa imesimama, ianzishe. Hapa pana sababu ambayo mafundi huisahau: kompyuta ikishapigwa Windows upya, draiva za vitufe, yaani programu ndogo za mtengenezaji zinazoiwezesha Windows kuvitumia, huenda zisiwepo tena, kwa hiyo zipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa kufuata namba ya modeli iliyoandikwa chini ya kompyuta.

Baada ya hayo ndipo kibodi ichunguzwe. Azima kibodi ya USB yenye vitufe vya sauti, hata kwenye duka la steshenari, uichomeke. Vitufe vyake vikifanya kazi, na hatua za awali umeshazimaliza, huenda kibodi yako ndiyo mbovu. Visipofanya, rudi kwenye programu. Dalili nyingine ni sauti kushuka yenyewe huku alama yake ikijitokeza kwenye skrini bila kuguswa, maana yake kitufe kimenasa. Kwa tunaoishi karibu na bahari, Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko, hewa ya chumvi na unyevu hula viunganishi vya chuma, na vumbi likichanganyika na unyevu hugandisha vitufe. Zima kompyuta, chomoa chaja, kisha safisha pembeni mwa kitufe kwa pamba iliyoloweshwa kidogo tu kwa spiriti, na usiwashe hadi pakauke kabisa. Maji yasitumike kamwe. Usiku ifunike kwa kitambaa, na isikae mbele ya dirisha linaloelekea baharini.

Kitufe kikiwa kimekufa kweli, na uko Liwale au Newala unasubiri kipuri, pakua PowerToys, programu ya bure ya Microsoft. Sehemu yake ya Keyboard Manager inakuruhusu kukipa kitufe usichokitumia, kwa mfano Pause, kazi ya kuongeza sauti.