Nyaya sambamba kwenye mabomba tofauti: linganisha fezi kwa fezi

Mafundi mnaofanya kazi Marekani, kifungu cha 310.10 cha NEC (kanuni za umeme za huko) kuhusu nyaya sambamba, yaani nyaya mbili au zaidi zinazogawana mzigo wa fezi moja, kinasomwa vibaya mara nyingi. Kinataka nyaya zote za fezi moja zilingane: urefu, metali, unene, aina ya insulesheni na namna zinavyofungwa mwishoni. Hakidai fezi A ilingane na fezi B. Kwa hiyo A kuwa ndefu kuliko B si kosa. Kosa ni nyaya mbili za A kupishana urefu, kwani ile fupi itabeba mzigo mkubwa zaidi na kuchemka bila breka kukata.

Kila bomba libebe fezi zote, pamoja na nyutro kama ipo. Ukitenga fezi A peke yake ndani ya bomba la chuma, usumaku wake haufutwi na fezi nyingine na chuma kinapata moto. Usichanganye PVC na chuma kwenye seti moja.

Ethi (waya wa usalama) ndipo wengi wanapoteleza, na ndipo hatari ilipo. Unene wake haugawanywi kati ya mabomba! Kwenye mabomba mawili ya PVC yenye breka ya ampea 400, kila bomba lipate waya wake wa ethi wa shaba namba 3 (kipimo cha unene cha Marekani, AWG), kamili. Waya huo waruhusiwa kuwa mwembamba kuliko 1/0 (unene mkubwa kuliko namba 3). Nyaya za fezi zilizo sambamba haziruhusiwi kuwa nyembamba hivyo.

Unapopunguza ampea ambazo waya unaruhusiwa kubeba kwa sababu ya msongamano wa nyaya ndani ya bomba, hesabu nyaya za kila bomba peke yake.