Somo: Kujenga nyumba ya mawe ya Lamu kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, kuanzia kwenye boriti

Vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu mwaka 1812 katika kisiwa cha Lamu, vinafaa sana kuchezwa mezani, na bado ni wachache waliowahi kuviandalia uwanja. Jeshi la Mazrui wa Mombasa pamoja na washirika wao wa Pate lilishuka ufukweni Shela, watu wa Lamu wakalirudisha nyuma hadi majini, na masimulizi yanaeleza kwamba maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani, hivyo wavamizi wakakosa njia ya kuondokea. Anayetaka kuchezesha tukio hili anahitaji vitu vitatu: ufuko wenye vilima vya mchanga, mitepe kadhaa, yaani vyombo vya tanga vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na kipande cha mji chenye nyumba za mawe. Ufuko ni kazi ya jioni moja. Mtepe unastahili somo lake peke yake. Leo ninashughulikia nyumba, kwa sababu ndiyo ninayoona ikikosewa mara nyingi zaidi.

Kosa lenyewe ni la vipimo. Mjenzi hukata boksi la mraba, hulipaka chokaa, hulibandikia mlango wenye nakshi, kisha hushangaa kwa nini nyumba yake haifanani na ya Lamu ingawa kila kitu kimo. Jibu limo darini. Nyumba ya mawe ya pwani ilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba paa, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa juu ya nafasi pana, vyumba vilikuwa na upana wa karibu mita 2.5 hadi 3 tu, huku urefu wake ukiachwa uende mbali kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Ndiyo maana misana ya Lamu, yaani vyumba virefu vinavyopangana kuanzia uani kuingia ndani, ni mirefu na myembamba. Ukianza na boriti, vipimo vingine vyote vinajipanga vyenyewe.

Hatua ya kwanza: vipimo

Ninatumia vijisanamu vya milimita 28, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa skeli ya 1:56. Katika skeli hiyo mita moja inakuwa milimita 18 kasoro kidogo, hesabu ambayo ni rahisi kuikumbuka wakati wa kukata. Chumba cha upana wa mita 2.8 kinakuwa milimita 50. Ukuta wa nusu mita, ambao ni unene wa kawaida wa kuta hizi, unakuwa milimita 9, nami ninatumia 10 kwa sababu ndio unene wa ubao ninaoupata. Boriti ya sentimita 11 inakuwa milimita 2. Kimo cha ukuta ninakipa milimita 60. Mlango ninaufanya uwe na kimo cha milimita 40, mrefu kuliko hesabu inavyotaka, kwa kuwa kijisanamu kimesimama juu ya kitako chake na mlango wa kipimo halisi ungeonekana kama wa watoto.

Nyumba yetu ina kiwanda mbele, yaani ua ulio wazi juu, msana mmoja, na ndani, jina la chumba cha nyuma kabisa. Nyumba kamili ingekuwa na misana miwili, wa tini (wa chini) na wa juu, lakini mezani nafasi ni mali, na msana mmoja unatosha kuonyesha mpangilio. Kina chake ni hivi: ukuta 10, kiwanda 60, ukuta 10, msana 50, ukuta 10, ndani 50, ukuta 10, jumla milimita 200. Upana wa ndani ni milimita 130, na wa nje 150. Upana wa milimita 50 unatosha vijisanamu viwili vyenye vitako vya milimita 25 kusimama bega kwa bega, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuuziba msana mzima. Kanuni za mchezo hazina haja ya kueleza kwamba ndani ya nyumba hizi wachache waliweza kuwazuia wengi, kwa sababu jengo lenyewe linalieleza.

Hatua ya pili: kuta

Tumia stairofomu iliyoshindiliwa, ile ngumu isiyo na punje. Ile nyeupe yenye punje, inayolinda televisheni ndani ya boksi, humeguka inapokatwa na haishiki alama za mawe. Kata kwa kisu chenye wembe mpya, kwa mikato mitatu au minne myepesi badala ya mmoja wa nguvu. Usihurumie wembe: ukianza kuvuta badala ya kukata, uvunje utumie ncha mpya.

Kata milango na madirisha kabla ya kuunganisha kuta. Upande wa barabarani weka mlango mmoja tu, na madirisha yawe machache na ya juu, kwa sababu nyumba ya Lamu huwapa wapita njia ukuta mtupu na uzuri wake wote huuweka ndani. Ukuta unaotenganisha kiwanda na msana uwe na nafasi pana zilizo wazi, ili mwanga wa kiwandani uingie.

Sura ya mawe inatokana na kitu ambacho wengi wa pwani wanacho karibu. Chukua kipande cha jiwe la matumbawe kutoka kwenye kifusi cha jengo, si kutoka baharini, ambako matumbawe yaliyo hai hayapaswi kuguswa, kisha ulikandamize juu ya stairofomu ukiligeuza kila mara ili alama zisijirudie. Vitundu vyake vinajichapa kama vilivyo. Usichore matofali wala safu zilizonyooka, maana kuta hizi zilijengwa kwa vipande vya mawe visivyolingana vilivyozamishwa katika udongo wa chokaa. Upande wa ndani uache laini, kwa kuwa huko plasta ilisuguliwa kwa uangalifu mkubwa. Katika ukuta wa nyuma wa chumba cha ndani, chonga zidaka kwa ncha ya kisu, safu mbili au tatu za vishimo vya mraba vyenye kina cha milimita 3. Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza niliziacha nikidhani hakuna atakayeziona. Kila anayefunua paa huzitafuta kwanza.

Unganisha kuta kwa gundi ya mbao, zishikilie kwa pini, na uziache usiku kucha juu ya kitako cha ubao wa MDF wa milimita 3.

Hatua ya tatu: boriti na paa

Boriti zetu ni njiti za ufagio wa chelewa. Upande mnene wa njiti una karibu milimita 2, una rangi ya mti mkavu, na hauko mnyoofu kabisa, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, kwa kuwa mkoko nao haukunyooka kama rula. Kata vipande vya milimita 48, vipatavyo 20 kwa kila chumba, na uvibandike chini ya kadibodi nene kwa kuachia milimita 6 au 7 kutoka katikati ya njiti moja hadi katikati ya inayofuata. Kadibodi iwe pana kiasi cha kulalia juu ya kuta, na njiti ziishie katikati ya kuta mbili bila kuzipenya. Kwa mpangilio huo paa linafunuliwa wakati wowote, na linaporudishwa boriti zenyewe ndizo zinazolizuia lisiteleze.

Juu ya kadibodi paka mchanganyiko wa unga wa jipsamu, gundi ya mbao na maji, uwe mzito kama uji wa mtoto. Upapase kwa kidole kilicholowa ili upate uso wa chokaa iliyopigwa kwa mikono. Pembeni bandika ukingo wa stairofomu wenye kimo cha milimita 12, ambao utawakinga wenye bunduki watakaosimama juu. Kadibodi hujikunja inapolowa upande mmoja, kwa hiyo upande wa chini nao upakwe gundi iliyozimuliwa, na paa likauke chini ya kitabu kizito kilichotandikiwa mfuko wa plastiki.

Hatua ya nne: mlango na daka

Mlango wa mbao mbili hutengenezwa kwa kijiti cha aiskrimu kilichopasuliwa. Katikati yake simamisha mfaa, ule mti wa wima unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, na uuchonge nakshi kwa sindano: vitone, mistari ya msalaba, duara moja katikati. Kwa ukubwa huu jicho linajazia lenyewe. Mbele ya mlango jenga daka, yaani kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe pande zote mbili, vyenye kimo cha milimita 8.

Hatua ya tano: rangi

Kwanza paka nyumba nzima, hata pembe zilizofichika, mchanganyiko wa gundi ya mbao na rangi nyeusi ya maji. Ngozi hii inaikinga stairofomu na inaacha kivuli ndani ya vitundu. Ikikauka, paka rangi ya majivu yenye uhudhurungi kidogo, ukiuacha weusi ubaki mashimoni. Kisha chovya brashi pana katika rangi ya krimu, uifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, na uipitishe juu ya mawe kwa wepesi, mara nyingi, hadi ncha za mawe zianze kung'aa. Nyeupe tupu itumie mwisho na kwa uchache. Chokaa iliyokaa mwaka mmoja mbele ya bahari si nyeupe tena, na nyumba iliyopakwa nyeupe ya dukani huua rangi za vijisanamu vinavyosimama mbele yake.

Baada ya hapo zimua rangi nyeusi kwa maji mengi na uiachie itiririke kutoka ukingoni mwa paa, mahali ambapo mvua huacha michirizi ya ukungu. Chini ya ukuta wa barabarani ongeza ukanda wa hudhurungi unaofika kiunoni mwa kijisanamu, kwa kuwa katika vichochoro vile watu na punda husugua ukuta kila siku.

Hatua ya sita: watu wa Lamu

Kwa wapiganaji, pinda waya mwembamba uwe kiunzi cha milimita 30, uukazie kwa epoksi ya mafundi bomba, ile inayokandwa sehemu mbili pamoja, na ufanye kazi haraka kabla haijagumu. Vikoi na vilemba vinatokana na karatasi ya shashi iliyolowekwa katika gundi iliyozimuliwa na kupangwa mikunjo kwa sindano. Wape mikuki, panga, majambia, na wachache bunduki za mrao. Nguo nyeupe ianze na rangi ya mchanga, ipande hadi krimu, na nyeupe iguse migongo ya mikunjo tu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Fundi, nilipulizia rangi ya kopo juu ya stairofomu, ikaliwa kama imemwagiwa tindikali. Nilikosea wapi?

Pole sana, ndugu yangu. Kiyeyushi kilichomo katika rangi nyingi za kupulizia huyeyusha stairofomu. Ngozi ya gundi na rangi ya maji niliyoieleza katika hatua ya tano husaidia, lakini tundu dogo lililosahaulika linatosha kuharibu ukuta, kwa hiyo mimi hutumia brashi peke yake kwa majengo. Ukuta ulioliwa usiutupe: ukate vipande, uupake, nawe umepata magofu.

Mwanachama wa Mombasa: Mchanga wa ufukweni nilioubandika kwenye kitako ulitoa unga mweupe baada ya wiki chache, na rangi ikabanduka. Je, gundi ilikuwa mbaya?

Gundi haina kosa, tatizo ni chumvi. Mchanga wa bahari uoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mara nne au tano, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha uuchekeche. Chumvi ikibaki huvuta unyevu wa hewa ya pwani na kuisukuma rangi kutoka chini. Kitako kilichokwisha kuharibika kikwanguliwe chote, kwa maana kupaka rangi juu yake kutaahirisha tu tatizo.

Mwanachama wa Muscat: Ninataka kuweka wikio juu ya kichochoro, kama lile la nyumba za Lamu zinazounganishwa kwa chumba kilichopita juu ya njia. Litavumilia kuguswaguswa na wachezaji?

Litavumilia ukilijenga kama paa, yaani kadibodi nene juu ya njiti, lakini hapa njiti zipenye milimita 5 ndani ya kuta za nyumba zote mbili, na nyumba hizo zikae juu ya kitako kimoja. Kichochoro cha mita 1.5 kingekuwa milimita 27, nami nakushauri ukipe 40 ili vidole viingie. Kimchezo wikio ni kitu cha thamani kubwa, kwa sababu anayelishika anavuka kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka barabarani, na adui aliye chini hana cha kumpiga ila sakafu.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Paa langu linakaa vizuri asubuhi, jioni halishuki. Nimelikata upya mara mbili.

Acha kulikata. Pima njiti: bila shaka zina milimita 50 kamili, sawa na chumba, na rangi uliyopaka pande zote mbili za ukuta imekula nafasi iliyobaki, kisha unyevu wa jioni unamaliza kazi. Zisugue ncha zake kwa msasa hadi zifike 48, na kabla ya kulirudisha paa pitisha mshumaa mkavu kando ya ncha hizo.