Kukubali Kwanza, Kushukuru Baadaye: Namna ya Kutunza Afya ya Hisia Siku kwa Siku

Watu wengi wanapoambiwa watunze afya ya hisia zao huanza na shukrani, kwa sababu ndiyo nyepesi kuitamka. Mtu amefiwa, ameachishwa kazi au ameachwa na mwenzi wake, na kabla hajamaliza kueleza yaliyomkuta anaambiwa ashukuru kwa kuwa yu mzima na wapo wenye hali mbaya kuliko yake. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini aghalabu humfunga mdomo anayeumia. Kwa maoni yangu mpangilio unaofaa ni mwingine: mtu akiri kwanza kwamba jambo limetokea na limemuuma, kisha ajichunguze ajue limemgusa wapi, ndipo shukrani ije ikiwa na mahali pa kusimama.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi aliyesubiri kupandishwa daraja kwa muda mrefu. Siku moja orodha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Jina lake halimo, na la mwenzake aliyeajiriwa baada yake limo. Anaandika "Hongera sana" kama walivyoandika wengine, anaweka simu mfukoni, anaingia kipindi. Jioni mtoto wake anamwaga chai juu ya daftari la hesabu, naye anamfokea hadi jirani anauliza kuna nini. Mtoto amelipishwa deni la orodha ya mchana, na kama mwalimu hatalitambua hilo, kesho atalipishwa mwingine.

Kuanza na kukubali

Hatua ya kwanza ni kuipa hisia jina lake halisi. Tumezoea kusema "nimechoka" au "nina mawazo" na kuishia hapo, ilhali maneno hayo hufunika mambo mengi yasiyofanana: hasira, wivu, aibu, hofu, uchungu, majuto, kinyongo. Kila moja lina dawa yake. Mwalimu wetu akitulia anaweza kugundua kwamba kinachomkereketa zaidi ni aibu ya kuonekana amepitwa, na nyuma ya aibu ipo hofu ya ada ya muhula ujao. Hofu ya ada inahitaji kalamu na hesabu ya mapato na matumizi. Aibu haitibiwi kwa hesabu, bali hupungua inapotajwa mbele ya mtu anayeaminika. Asipozitenganisha, atabaki na uzito mmoja usioshikika.

Jina likishapatikana, tunga sentensi moja ya ukweli isiyo na neno "lakini" ndani yake: "Sikupandishwa daraja, na nimeumia." Weka nukta hapo. "Lakini" ikiingia, sehemu ya kwanza hufutika, na mtu huanza kujitetea au kujikaripia. Kaa na sentensi hiyo kwa dakika chache huku ukiangalia mwili unafanya nini, kama taya zimekaza, kifua kimebana au tumbo linakoroga, na uache pumzi itoke polepole. Hakuna kingine cha kufanya katika hatua hii, na ndiyo maana wengi huiruka.

Wapo watakaoona ni bora kulisukuma jambo mbali na kuendelea na kazi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila atakapowajia akilini. Kengele ziliendelea kulia. Kisha waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa kabla. Ikiwa mnyama asiyetuhusu hushindikana kufukuzwa, itakuwaje kwa fedheha ya kazini?

Hapa lazima niweke mpaka, kwa kuwa jambo hili hupotoshwa mno majumbani. Kukubali si kuvumilia ubaya. Methali ya "mvumilivu hula mbivu" imetumika kuwabakiza watu, hasa wanawake, katika nyumba wanamopigwa. Anayepigwa anapokubali ukweli wake husema, "Ninapigwa, na hali hii ni ya hatari," na kauli hiyo ndiyo inayompeleka kwa ndugu anayemwamini au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Vivyo hivyo, mwalimu aliyekubali kwamba jina lake halimo anaweza kuandika barua ya kuulizia sababu kupitia kwa mwalimu mkuu, na barua yake itakuwa na tarehe na vielelezo badala ya lawama.

Kujichunguza bila kujitesa

Kujitafakari ni desturi ya zamani kwetu. Waislamu wana muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake, na Wakatoliki hufundishwa kuchunguza dhamiri kabla ya kitubio. Mila zote mbili zina jambo ambalo watu husahau wanapojichunguza peke yao usiku wa manane: tafakuri ina mwanzo na mwisho. Kulizungusha jambo lilelile kichwani mpaka alfajiri kunachosha na hakuzai uamuzi wowote.

Kwa hiyo tenga muda mfupi, tuseme dakika 15, na uandike kwa mkono. Anza na kilichotokea kama ambavyo mpita njia angekiona, bila kuhukumu nia za watu. Fuata na ulichohisi, kisha ulichofanya kutokana na hisia hiyo, na mwisho jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wako kesho. Swali la "kwa nini mimi?" liache, maana halina mtu wa kulijibu. Ukurasa wa mwalimu unaweza kusomeka hivi: orodha ilitoka saa tano, niliona aibu, na nikaogopa kuhusu ada, nilimfokea mtoto kwa chai, kesho asubuhi nitamwambia, "Mwanangu, jana nilikufokea kwa jambo ambalo halikuwa lako." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa tatu za kujilaumu, na mzazi haporomoki heshima kwa kuitamka.

Usishangae ukimaliza kuandika ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1986, watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo mazito ya maisha yao. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walihuzunika mara tu baada ya kuandika, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wengine. Ukiona kwamba kila ukiandika juu ya jambo fulani unazidi kuzama siku baada ya siku, acha kuandika na utafute wa kuzungumza naye.

Kuna tatizo la faragha pia, ambalo wanaotoa ushauri huu hulipita. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu sita, daftari halina pa kujificha. Andika kwenye karatasi na uichane ukimaliza. Faida iko katika kuandika, si katika kuhifadhi.

Asiyependa kuandika azungumze. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza kina bibi wa mtaani, 14 kwa kuanzia, wakae na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mgeni wake kuchagua tatizo moja tu la kuanza nalo na hatua moja ya kulishughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shangazi mwenye subira, au rafiki asiyetangaza siri za watu, anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, mradi umwambie mapema, "Sihitaji ushauri bado, nisikilize kwanza."

Shukrani yenye jina la mtu

Sisi hujibu "nzuri" tunaposalimiwa hata tukiwa na msiba, halafu ndipo tunaeleza. Ni adabu, na sina ugomvi nayo. Lakini shukrani inayojenga moyo huhitaji undani zaidi ya salamu. Katika utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo matano ya kushukuru, na lingine likaandika kero. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Mara moja kwa wiki yatosha. Ukijilazimisha kila usiku, utajikuta unanakili "uhai, afya, familia" bila kufikiri.

Andika aliyetenda, alichotenda na kilichomgharimu. "Jirani alianua nguo zangu mvua ilipoanza, akaacha zake zikilowa" ni shukrani inayoshikika. Kisha mwambie mwenyewe, kwa maneno hayohayo. Usishukuru kwa kujilinganisha na mwenye dhiki kuliko wewe, kwani hiyo ni faraja inayotegemea shida ya mwingine. Na katika siku za msiba mbichi, liache zoezi hili kabisa.

Yote haya ni matunzo ya kila siku, wala hayachukui nafasi ya matibabu. Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kukidumu kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikaharibika, au kazi ikakushinda, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Usiseme tu kwamba kichwa kinauma. Eleza hali ilianza lini, unalala saa ngapi kwa usiku, na ni kazi gani ya kawaida umeshindwa kuifanya. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, mweleze mtu wa karibu saa hiyohiyo, nenda siku hiyohiyo, na umwombe asikuache peke yako njiani wala kwenye foleni.