Imba Kwanza, Bonyeza Baadaye: Namna ya Kumwanzishia Piano Mtoto wa Kwaya

Nafundisha piano ya klasiki hapa Kirumba, Mwanza, kwenye sebule ya nyumbani kwetu. Wanafunzi wangu karibu wote wanatoka kwaya za watoto makanisani. Hawajui kusoma nota za mistari, lakini ukiwapa herufi za solfa, d m s d (do mi so do), wanaimba papo hapo bila kutafuta. Walimu wengi wa piano wanaichukulia hiyo solfa kuwa tabia mbaya ya kuachishwa. Mimi naona mtoto wa namna hii ameshamaliza nusu ya safari, maana sikio lake linajua sauti inakotaka kwenda kabla kidole hakijafika. Nitaeleza ninavyomwanzishia, ili mzazi au mwalimu wa kwaya mwenye kinanda kimoja naye aweze.

Anza na kiti. Kinanda kikiwekwa juu ya meza ya chakula kinakuwa juu mno kwa mtoto wa miaka minane: mabega yanapanda, viganja vinakaza, na mkaze huo ukishakuwa mazoea kuutoa ni kazi ya miaka. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu yake kidogo. Ongeza mto kwenye kiti, au tafuta meza fupi. Miguu isining'inie, mimi naweka kreti la soda lililogeuzwa, akanyage. Kucha zikatwe. Kwa kinanda chenyewe, ukienda kununua bonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikitoka ileile mara zote mbili, kiache hapohapo dukani, kwa sababu mtoto hawezi kujifunza kucheza kwa upole kwenye chombo kisichojua upole. Vitufe 61 vinatosha kuanzia, ingawa piano kamili ina 88.

Sasa jambo ninalolisimamia kuliko yote. Bandika plasta juu ya batani ya transpozi (inayopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote), na nyingine juu ya batani ya biti (ngoma zinazojipiga zenyewe). Huku kwetu vijana wengi wanaopiga kinanda kanisani wanajua do moja tu, ile inayoanzia kitufe cha C. Mwalimu wa kwaya akipandisha wimbo, kijana anagusa batani, vidole vinabaki palepale kwenye vitufe vyeupe. Ibada inakwenda vizuri, siwalaumu. Lakini mkono wa kijana huyo umefungiwa kwenye chumba kimoja, na muziki wa klasiki una vyumba vingi. Mtoto akizoea hiyo batani, baadaye anaogopa kila kitufe cheusi.

Wimbo wa kwanza ninaotoa ni Minueti ya G (minueti ni dansi ya zamani ya Ulaya), ile iliyomo katika daftari la muziki la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa mtunzi Johann Sebastian Bach. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya Bach mwenyewe. Siku hizi inajulikana kuwa ni ya Christian Petzold. Wiki ya kwanza mtoto hagusi kinanda. Anaimba tu, na mimi namwandikia ubaoni:

s d r m f | s d d | l f s l t | d d d

Kila kipande kati ya mistari | ni kipimo kimoja. Ile d ya kwanza ya kipimo cha mwisho ni ya juu, mbili zinazofuata ni za chini. Mtoto wa kwaya anaipata haraka.

Kuhesabu nako kumo mdomoni mwake tayari. Wimbo una mapigo matatu kwa kipimo. Mwambie aseme “moja mbili tatu” huku akipiga kofi kwenye mo, mbi na ta. Silabi ziko sita, na kila pigo linagawanyika mara mbili lenyewe. Halafu weka nota juu ya silabi: s inachukua “moja” nzima, d inakaa kwenye “mbi”, r kwenye “li”, m kwenye “ta”, f kwenye “tu”. Kipimo cha pili kila nota inachukua neno zima: moja, mbili, tatu. Nimewahi kuona watoto wakihangaika na hesabu za kigeni mwezi mzima kwa kitu ambacho kwa namna hii wanakishika kipindi kimoja. Mwache atembee chumbani akihesabu, mguu ukanyage kwa uzito kwenye “moja”.

Baada ya hapo ndipo anakaa. Gumba la mkono wa kulia liwe kwenye G, vidole vingine vifuate vitufe vyeupe, kidole cha mwisho kiangukie D. Mwambie do leo inakaa kwa G. Vipimo viwili vya kwanza vinapigika bila mkono kuhama. Anaimba na kupiga pamoja.

Kipimo cha tatu usimsaidie. Ataimba l f s l t vizuri kabisa, na kwenye t atabonyeza F nyeupe, kwa kuwa ndiyo inayofuata. Kaa kimya. Binti mmoja anayetoka Igombe alisimama hapo, akakunja uso, akarudia, akaniangalia: “Ticha, hii kinanda imeharibika?” Nikamwambia imba tena. Akaimba t, akaishikilia, kidole kikatambaa juu ya vitufe mpaka kikakuta F shapu, kile cheusi. Hajawahi kukosea tena, na sikuwa nimemweleza chochote kuhusu shapu. Maelezo nilimpa baadaye: kutoka t kwenda d ni nusu sauti, yaani hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, kwa hiyo do ikihama, t nayo inahama kuifuata. Ukitangulia kumpa kanuni, atakariri kanuni. Sikio likitangulia, kanuni inakuwa jina la kitu anachokifahamu.

Mkono wa kushoto nao unaanzia kooni. Mwanzo wa besi ya minueti hii unakwenda d r | m | f | m | r | d, rahisi mno. Mtoto apige sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia huku akiimba besi kwa mdomo, oktavu yoyote inayomfaa. Kisha ageuze: apige besi, aimbe sauti ya kwanza. Hili zoezi ni gumu, na usilipite haraka hata kama mzazi anauliza mbona mikono haijaungana. Anayeweza kuimba sauti moja na kupiga nyingine, siku ya kuunganisha mikono anakuwa na kazi ya vidole tu, kichwa kimeshajua.

Vidole vyenyewe: uzito utoke kwenye mkono mzima, usitoke kwenye kukaza kidole. Shika kiganja chake kutoka chini, mwambie alegeze mpaka uhisi uzito wake wote, kisha uachie taratibu juu ya kitufe. Hapo ndipo sauti nzuri inapotoka. Kwa skeli (sauti zinazopanda kwa mfuatano kutoka do hadi do), siku hizi naanza na B meja, yaani do ikiwa B, badala ya C. Chopin, mtunzi na mpiga piano wa karne ya kumi na tisa, alifanya hivyo kwa wanafunzi wake: aliweka gumba kwenye E, vidole vitatu virefu juu ya F shapu, G shapu na A shapu, kidole cha mwisho kwenye B, na C meja aliiacha mwisho kwa kuwa ni rahisi kuisoma lakini ngumu kwa mkono. Jaribu kwenye meza yako sasa hivi. Vidole virefu vinapenda kukaa mbele.

Mwalimu wangu wa kwanza, mzee mpiga kinanda wa parokia, alikuwa akifunika mikono yangu kwa kitenge nikipiga, nisitazame. Nami nafanya vilevile, lakini kwa dakika chache tu za mwisho wa kipindi.

Nota za mistari zinakuja minueti ikishakaa mikononi. Mfungulie karatasi, aione sura ya kile anachokijua: hapa inashuka, hapa inapanda hatua nne, hii shapu mwanzoni mwa mstari ndiyo ile t yako. Ila kuna hatari hapa. Mtoto mwenye sikio kali atajifanya anasoma kumbe anakumbuka. Kwa hiyo kila kipindi mpe vipimo vinne ambavyo hajawahi kuvisikia, na wewe usimpigie hata kwa kumwonea huruma. Aseme kwanza kwa mdomo kama nota inaruka au inapiga hatua, kisha apige, hata kama ni polepole sana.

Nyumbani, dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni zinajenga kuliko saa mbili za Jumamosi. Mzazi asiyejua muziki anaweza kusaidia kwa swali moja: “Leo unarekebisha kipimo gani?” Mtoto akijibu “naupiga wote,” arudishwe kwenye vipimo viwili, taratibu. Umeme ukikatika, mazoezi yanaendelea mezani: vidole vinagonga, mdomo unaimba.

Kama parokia yenu ina piano ya kweli, omba mtoto apate saa moja huko kila wiki, ajue uzito wa vitufe vyake. Iwekwe mbali na ukuta wa nje na dirisha lenye jua, kwa sababu unyevu wa ziwa ukizidi msimu wa mvua mbao zinavimba na sauti inapanda, kiangazi inashuka tena. Mfuniko ufungwe usiku, panya wanapenda zile sufu za ndani.

Akimaliza minueti, mwambie aihamishie do ya F, kisha do ya A, kwa vidole vyake mwenyewe. Plasta ibaki ilipo.