Jinsi ya Kulifasiri Neno encounter

Mwongoza watalii wa Mji Mkongwe anayekusudia kulitumia neno la Kiingereza encounter ajiulize kwanza iwapo mkutano wenyewe ulipangwa, kwa kuwa neno hili, lililopitia Kifaransa cha kale na ambalo mzizi wake wa Kilatini una maana ya "dhidi ya", halifai kwa miadi. Mgeni akikutana ghafla na kima punju katika msitu wa Jozani, hapo linafaa kabisa. Likifuatwa na shida, lifasiriwe "kukumbana na"; vitani ni mapambano. Kosa linaloudhi zaidi, na husikika hata kwa wasomi, ni kuliongezea with linapokuwa kitenzi, ilhali with hufuata nomino yake tu.